Hodi Bila Karibu: Uhakiki wa Mwongozo wa Kuuliza Maswali katika Jumuiya za Linux

Mwaka 2001 Mmarekani Eric S. Raymond, akishirikiana na Rick Moen, alitoa mwongozo mrefu unaoitwa “How To Ask Questions The Smart Way”, yaani namna ya kuuliza maswali kwa akili. Wakati huo Raymond alikuwa tayari na jina katika ulimwengu wa programu huria kwa sababu ya insha yake “The Cathedral and the Bazaar” ya mwaka 1997. Mwongozo wenyewe umerekebishwa mara nyingi na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Hadi leo, mgeni akiuliza swali lisilopendeza katika jukwaa la watumiaji wa Linux, anaweza kutumiwa kiungo cha mwongozo huu badala ya jibu. Umekuwa kama bango la masharti lililobandikwa mlangoni.

Makala haya yanauhakiki mwongozo huo kama tunavyohakiki matini nyingine yoyote inayofundisha matumizi ya lugha, maana ndiyo kazi yake: unamwelekeza mtu atumie maneno gani anapoomba msaada. Hoja yangu ni kwamba una mafunzo mazuri kuhusu swali lenyewe, lakini mzigo wote wa mazungumzo unamtwisha yule anayejua kidogo kuliko wote waliomo. Hapo ndipo jumuiya nyingi zinapompoteza mgeni.

Kwa wenzangu wa Kiswahili ambao hawajawahi kutumia mifumo hii, maelezo kidogo yanahitajika. Windows ina mwenyewe, nayo ni kampuni. Mifumo huria ya uendeshaji haiko hivyo. Msimbo wake uko wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuutumia, kuunakili, kuubadilisha na kumpa mwingine. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ilianza mwaka 1991. Debian ikafuata mwaka 1993. Na Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian, ikatoka mwaka 2004. Stallman amelazimika kueleza kwa miaka mingi kwamba neno la Kiingereza analolitumia linahusu uhuru, wala si bei. Angeandika kwa Kiswahili asingepata taabu hiyo, kwani sisi tuna “huru” na tuna “bure”. Kirundi nacho kina jambo lake. Neno ubuntu, ambalo Mark Shuttleworth alilichukua kutoka lugha za kusini mwa Afrika kwa maana ya utu, kwetu Burundi lina pia maana ya ukarimu, na “ku buntu” ni kitu kinachotolewa bila malipo. Canonical, kampuni iliyo nyuma ya Ubuntu, ilikuwa ikituma diski zake kwa posta duniani kote, ku buntu kabisa, hadi mwaka 2011.

Zipo kampuni zinazouza huduma kwa watumiaji wa Linux, lakini wateja wake ni mabenki na mashirika. Mtumiaji wa kawaida akikwama anasaidiwa na mtumiaji mwingine asiyelipwa. Kwake yeye jumuiya ndiyo dawati la huduma, na lugha inayotumika pale inaamua kama ataendelea au atarudi alikotoka.

Tuanze na yaliyo mema katika mwongozo, maana yapo. Raymond na Moen wanamtaka muulizaji aeleze dalili za tatizo, asieleze anachokisia. Wanamtaka aseme alifanya nini kabla tatizo halijatokea, anatumia toleo gani la mfumo, na skrini inasema nini hasa. Wanakataza kuandika kichwa cha habari kisicho na habari. Linganisha mtu anayeandika “Ubuntu imekufa, nisaidieni haraka!!!” na mwingine anayeandika: “Jana nilifuta sehemu moja ya diski. Leo nikiwasha kompyuta naona skrini nyeusi yenye maneno grub rescue, kisha haiendelei.” Huyu wa pili hajui GRUB ni nini, na hana haja ya kujua. Amenakili alichokiona, na mjuzi yeyote atatambua papo hapo kwamba programu inayoanzisha mfumo haipati mafaili yake kwenye diski. Mafunzo ya namna hii yanamfaa hata mgonjwa mbele ya daktari.

Mwongozo una haki pia kukumbusha kwamba wanaojibu ni watu wa kujitolea. Muda wao una mwisho. Mtu anayeuliza swali lililokwisha kujibiwa mara mia anawachosha, na wakichoka wanaondoka, na wakiondoka hata wale wenye maswali mazito hawatapata wa kuwajibu.

Sasa tutazame upande wa pili. Katika nadharia yao ya adabu katika lugha, Brown na Levinson wanasema kila mzungumzaji ana “uso”, yaani heshima anayotaka ilindwe, na kwamba baadhi ya matendo ya lugha yanaihatarisha heshima hiyo. Kwetu waliokwisha kusikia kwamba uso umeumbwa na haya, nadharia hii haihitaji mifano mingi. Kuomba msaada kunamhatarisha anayeombwa, kwa sababu kunaingilia muda wake. Lakini kunamhatarisha pia anayeomba, kwa kuwa anatangaza mbele za watu kwamba hajui. Mwongozo wa Raymond na Moen umehesabu gharama ya kwanza kwa uangalifu mkubwa: ukurasa baada ya ukurasa, namna ya kutompotezea mjuzi muda. Gharama ya pili umeihesabu kidogo sana. Ni zaidi ya hapo, kwa kuwa unamwambia mgeni azoee kuilipa.

Mfano ulio wazi ni sehemu inayozungumzia ufupisho RTFM. Herufi hizo nne humwambia muulizaji akasome mwongozo wa programu, na katikati yake kuna tusi. Mwongozo unaeleza kwamba anayejibiwa hivyo asikasirike, kwa sababu kwa desturi za wajuzi hao kutopuuzwa ni heshima ya aina fulani, hivyo inampasa ashukuru. Ukali, wanasema, mara nyingi haukukusudiwa kuumiza. Ni namna yao ya kusema mambo moja kwa moja. Kiisimujamii hoja hii ina kasoro. Maana ya tendo la lugha haiamuliwi na msemaji peke yake. Kama wageni kumi wanasikia tusi, haitoshi kuwaambia kwamba katika mtaa huu tusi ni salamu. Mwenye mtaa naye ana la kujiuliza.

Halafu kuna suala la salamu. Raymond na Moen hawakatazi adabu; wanasema wazi kwamba maneno ya heshima na ya shukrani yanasaidia. Wanachokikataza ni kujidhalilisha, yaani mtu kujiita mjinga ili aonewe huruma. Tatizo ni kwamba mpaka kati ya adabu na kujidhalilisha haupo mahali pamoja katika kila lugha. Msemaji wa Kiswahili anaanza: “Habari za leo ndugu zangu, poleni na majukumu, samahanini kwa usumbufu, mimi ni mgeni humu.” Msomaji aliyefunzwa na mwongozo huu anaona mistari miwili ya kujidhalilisha kabla ya swali kuanza. Anayeandika hajajidhalilisha hata kidogo. Amepiga hodi. Kuingia moja kwa moja na “kadi yangu ya WiFi haifanyi kazi” kwake ni sawa na kuingia jikoni kwa watu bila kubisha. Hata “naomba msaada wa haraka”, ambayo mwongozo ungeihesabu kuwa kosa, kwetu mara nyingi ni namna tu ya kufungia barua.

Kuhusu lugha ngeni mwongozo unasema kwamba anayeuliza kwa lugha isiyo yake atavumiliwa kidogo makosa ya tahajia na sarufi, ila hatavumiliwa uvivu. Inaonekana ni haki. Lakini uvivu unapimwaje? Unapimwa kwa kutazama kama muulizaji alitafuta kwanza. Na kutafuta kunahitaji uwe na neno la kutafutia. Linux ina kurasa za msaada ndani yake, zinazofunguliwa kwa amri ya man, na hazihitaji intaneti. Ila ili uzifungue lazima ujue jina la amri unayotaka kuisomea, na anayeanza ndilo jina asilokuwa nalo. Ipo amri nyingine, apropos, inayotafuta kurasa kwa neno la kawaida. Neno hilo ni la Kiingereza, au la Kifaransa kama umesakinisha tafsiri za Kifaransa. Sisi wa Burundi tuna nafuu hapo, kwani jumuiya ya Ubuntu ya Wafaransa imeandika maelezo mengi na mazuri, na wengi wetu tumesoma shule kwa Kifaransa. Mwenzetu aliyesoma kwa Kiswahili peke yake hana pa kushika. Ukimwambia katafute kwanza, umemtuma kisimani bila ndoo.

Tena kutafuta kunalipiwa. Faili la kusakinisha Ubuntu 24.04 peke yake lina zaidi ya gigabaiti 5. Mwanafunzi aliyelipata kwa flashi ya rafiki, akiwa na megabaiti alizonunua kwa siku moja tu, hafungui kurasa ishirini ili athibitishe kwamba si mvivu.

Ajabu ni kwamba historia ya Linux yenyewe inaanza na mgeni aliyekaribishwa. Mwaka 1991 Linus Torvalds alikuwa na miaka 21, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kiswidi. Julai mwaka huo aliandikia kundi la watumiaji wa Minix akiuliza wapi atapata viwango vya POSIX, yaani kanuni ambazo mfumo aliokuwa akiujenga ungezifuata. Tarehe 25 Agosti aliandika tena, akaanza kwa kuwasalimu wote, akasema anatengeneza mfumo kwa kujifurahisha tu, akaomba maoni. Ari Lemmke, aliyekuwa akihudumia seva moja ya Finland, alimpa nafasi ya kuweka mafaili yake, na ni yeye aliyeipa nafasi hiyo jina la linux. Kijana alipiga hodi kwa Kiingereza cha kujifunza, akaitikiwa, na akapewa pa kulala kabla hajawa na kitu cha kuonyesha.

Torvalds huyohuyo baadaye alijulikana kwa barua kali alizowaandikia watu walioleta msimbo asioupenda. Tarehe 16 Septemba 2018 aliomba radhi hadharani na kusema anapumzika kwa muda ili apate msaada kuhusu tabia yake. Wakati huohuo mradi wa keneli ulipokea kanuni mpya za maadili, zilizochukua nafasi ya zile za mwaka 2015. Oktoba alirudi kazini. Wapo waliolalamika kwamba adabu itashusha ubora wa kazi. Sioni nguvu ya hoja hiyo. Wahariri wa mashairi na wahadhiri wetu hukataa kazi mbovu kila wiki, tena bila huruma, na hawahitaji kumtukana mama wa mtu ili kufanya hivyo.

Kwa haki ya waandishi, karibu na mwisho wa mwongozo wao ipo sehemu inayowahusu wanaojibu. Inawaambia wawe wapole, kwa kuwa mtu mwenye tatizo huonekana mkorofi au mjinga hata kama si hivyo. Inawaambia wamuulize muulizaji maswali ya kumfungua. Inawaambia anayeshindwa kusaidia asizuie. Ni sehemu nzuri kuliko zote. Pia ni fupi, na imewekwa mahali ambapo aliyetumiwa kiungo kwa hasira hatafika. Sijawahi kuona mtu anamtumia mjibuji kiungo cha sehemu hiyo.

Kanuni za Maadili za Ubuntu zimeligawa jambo hili kwa namna nyingine. Zinasema kuuliza kunahimizwa kwa sababu kunaepusha matatizo ya baadaye, ingawa muulizaji anaweza kuelekezwa jukwaa linalofaa. Kisha, mara moja, zinasema aliyeulizwa anapaswa kuitikia na kusaidia. Wajibu wa pande mbili umekaa mahali pamoja. Kisheria hazimlazimishi mtu, lakini kiisimu tofauti ni kubwa, maana hodi imewekwa pamoja na karibu yake.

Hata hivyo lugha nzuri peke yake haitoshi, na hapa nachukua mfano wa Debian. Vifaa vingi vya WiFi havifanyi kazi mpaka kompyuta iviwekee programu ndogo inayotolewa na mtengenezaji, ambayo msimbo wake haukuwekwa wazi. Kwa miaka mingi Debian, kwa kushikilia uhuru, haikuweka programu hizo katika diski yake rasmi ya kusakinishia. Mgeni alisakinisha, akakuta hana WiFi, akauliza. Jibu alilopewa lilikuwa sahihi kabisa: pakua programu hiyo kwenye intaneti. Intaneti ipi? Ilikuwapo diski nyingine isiyo rasmi yenye kila kitu, ila ili uipate ilibidi kwanza ujue kwamba ipo. Unaweza kuandika kanuni za adabu za kila aina, ukamjibu mtu huyu kwa maneno matamu ya Kiswahili sanifu, na bado umemwacha nje. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura wakakubali programu hizo ziingie katika diski rasmi, na Debian 12 ikatoka nazo Juni 2023. Wapo wanaosikitika kwamba msimamo umelegezwa, na sikitiko lao lina msingi. Uhuru ndio uliowaleta pale. Lakini swali moja lililoulizwa na maelfu ya wageni lilitibiwa kwa kurekebisha mlango, baada ya miaka ya kumfundisha kila mgeni namna bora ya kulalamika kuhusu mlango.

Mwongozo wa Raymond na Moen haulipi wazo hili nafasi kubwa. Kwao swali linalorudiarudia mara nyingi ni ushahidi wa uvivu wa waulizaji. Linaweza pia kuwa ripoti ya kasoro, iliyoandikwa na watu wasiojua kwamba wanaandika ripoti.

Wahenga wetu waliusawazisha ugeni huu waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hutaja jembe wakasahau siku mbili. Raymond na Moen wanamkabidhi mgeni jembe akiwa bado ameshika mlango: tafuta, soma, jaribu, thibitisha, kisha uingie. Kuna jumuiya zilizofuata mpango wa wahenga bila kuujua. Debian ina alama maalumu inayowekwa kwenye kasoro ndogo zinazomfaa anayeanza, ili apate kazi ya kwanza isiyomshinda. Outreachy, mpango uliokua kutoka katika mradi wa GNOME kwa lengo la kuwaingiza wanawake na baadaye makundi mengine yaliyoachwa nyuma, unampa mgeni mlezi anayejulikana kwa jina, unampa kazi halisi, na unamlipa. Jembe lipo. Limetanguliwa na chakula.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunahusika wapi? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokishirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa ya istilahi, na inastahili kusomwa katika kozi zetu za tafsiri kuliko inavyosomwa sasa. Ila menyu iliyotafsiriwa haijibu swali. Mtumiaji anayeona “Hifadhi” na “Futa” kwa lugha yake, kisha akikwama anatakiwa kuuliza kwa Kiingereza cha kuridhisha, amekaribishwa sebuleni na kufungiwa jiko.

Katika kundi moja la WhatsApp la wanafunzi wanaotumia Linux, maswali yanakuja kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kirundi na Kifaransa, na majibu mengi ni mazuri. Udhaifu wake ni kwamba baada ya wiki moja hakuna anayeweza kulipata jibu, kwa hiyo swali lilelile linaulizwa upya na watu watatu walewale wanachoka upya. Hapo malalamiko ya Raymond na Moen yana ukweli hata kwetu. Ninachopendekeza ni kidogo na kinafanyika. Kila jibu lililofanikiwa liandikwe mahali pamoja kwa Kiswahili, ujumbe wa kosa ubaki kama skrini ilivyouonyesha, kwa herufi zilezile, maana huo ndio atakaounakili mwingine. Kisha chini yake maelezo yafuate kwa maneno ya muulizaji wa kwanza, si ya mjuzi. Anayetafuta “skrini nyeusi haiendelei” akute “skrini nyeusi haiendelei”. Kazi hiyo haihitaji mtu wa kompyuta tu. Inahitaji anayejua kusikiliza watu wanavyosema, akaandika hivyo, na katika kundi lile tuko wawili tu tunaosoma lugha.